Kosa Langu Katika Maabara ya Dhahabu

Siku yangu ya kwanza maabarani nilivuliwa viatu mlangoni. Ilikuwa miaka ya hamsini, katika mgodi mmoja upande wa Geita, nami nimetoka Kahama na cheti cha shule ya kati.

"Vumbi la mgodini lina dhahabu," aliniambia Bwana Petro, Msaidizi Mkuu wa Maabara, Mzinza wa Chato. "Ukiliingiza humu, mizani itasema uongo."

Ndiye aliyetufundisha, vijana wanne, kwa miaka miwili. Asubuhi Mkemia Mkuu, Mzungu asiyecheka, alituandikia kanuni ubaoni. Mchana Bwana Petro alitufundisha kuzitenda kwa mikono. Tulisaga mawe yakawa unga, tukauchanganya na magadi na oksidi ya madini ya risasi, tukauyeyusha tanuruni ndani ya kijungu cha udongo. Risasi ilikusanya dhahabu na kuzama nayo chini. Donge hilo tuliliweka kwenye kikombe cha majivu ya mifupa, ambacho kikishika moto hunyonya risasi yote, ikabaki punje inayong'aa, ndogo kuliko ulezi. Madini ya fedha yaliyojificha ndani yake tuliyatoa kwa asidi. Mwisho ilikuja mizani, iliyofungiwa katika sanduku la kioo, maana hata pumzi iliisogeza.

"Polepole, mwanangu," alizoea kuniambia. Natamani kuisikia sauti ile hata leo.

Wiki moja kabla ya mtihani wa mwisho, kwa haraka zangu, nilirudia kutumia kijungu kilichoyeyushia mawe yenye dhahabu nyingi. Mabaki yakaingia kwenye sampuli mpya, na majibu yangu yakaonyesha dhahabu pasipo na kitu. Wachimbaji wakapasua mwamba siku tatu bure. Mkemia Mkuu akaja na karatasi yangu mkono mmoja, na kijungu kile mkono wa pili.

"Nani alitoa kijungu hiki?"

Bwana Petro akawahi kujibu.

"Ni mimi, Bwana. Nilimpa bila kukikagua."

Haikuwa kweli. Mkemia Mkuu alitoa kalamu akaandika jina la Bwana Petro kwenye karatasi ile. Nilikuwa na nafasi ya kusema, nikanyamaza. Kesho yake Bwana Petro alishushwa banda la kusaga mawe. Nilimfuata huko.

"Kwa nini, Mwalimu?"

"Wewe wangekufukuza. Mimi wamenihamisha tu. Nenda kasome."

Nilifaulu. Mkataba wake ulipoisha alirudi Chato bila kuniaga. Mimi nilipelekwa Shinyanga, kisha Segese na watafiti wa madini, nikapanda mpaka nikawa Msaidizi Mkuu. Kila nilipompokea mwanafunzi mpya, nilitamani Bwana Petro awe kando yangu.

Nilipostaafu nilipanda basi kwenda Chato. Nilimkuta shambani akipalilia pamba, mgongo umepinda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba." Alinitambua kwa sauti yangu.

Nikamweleza nililokuja nalo: kwamba siku ile nilinyamaza, na sijapata kujisamehe. Alikuwa akibandua udongo kwenye jembe, wala hakuacha.

"Umefundisha wangapi?" akauliza.

"Kumi na tisa."

"Wameijua kazi?"

"Wameijua."

"Basi nina wajukuu kumi na tisa," akasema, akanishika mkono twende nyumbani tukale.

Alifariki mwaka uliofuata. Siku hizi nikipita sokoni watu wazima niliowafundisha huniamkia, "Shikamoo, Mwalimu," nami huitikia. Lakini mimi sina tena wa kumwita hivyo.