Fundi Cherehani na Pampu ya Unga
Fundi cherehani hakuwahi kugombana na mumewe bila pampu yake ya pumu. Aliitikisa mbele ya macho ya mume, akajipulizia kinywani, pss, kisha akaendelea pale pale alipoachia. Daktari akambadilishia. Hii mpya ni ya unga, haina ile gesi inayoongeza joto duniani, ila lazima uvute kwa nguvu, ubane pumzi na unyamaze. Asubuhi akavuta katikati ya ugomvi, macho yakamtoka. Mume akaona mwanya alioutamani tangu ndoa, akafungua kinywa, akakosa neno. "Usiachie pumzi upesi, mama watoto," akasema mwishowe. Jioni, alipovuta tena, mume alikuwa keshajiandaa: "Na suruali yangu utaishona lini?"