Shukrani za Baba Machimboni

Sisi tuliokulia Kendu Bay miaka ya tisini, tukikutana leo hatuachi kucheka. Tulicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, mpaka magoti yakapauka kwa vumbi. Mpira tuliufunga kwa makaratasi na kamba. Ijumaa tulibeba samadi ya ng'ombe shuleni kusiriba sakafu, na aliyesahau alijua mwenyewe kitakachompata. Wanangu nikiwaomba wafue soksi zao tu, wanashika kiuno kana kwamba nimewatuma kulima shamba zima.

Lile gugu la maji lilipofunika ziwa, sisi watoto tulilifurahia. Tulichuma maua yake ya zambarau tukayachomeka kwenye nywele, huku mama zetu wamesimama ufuoni na karai tupu kwa sababu mitumbwi haikuweza kutoka. Mama yangu alikuwa akikaanga samaki sokoni. Samaki walipoadimika, akaanza kuuza mandazi.

Wakati huohuo kiwanda cha pamba alichofanyia kazi Baba kikafungwa. Baba alikuwa fundi wa mitambo. Jioni alirudi na nyuzi za pamba nywelini, nasi tulishindana kuzichomoa. Alikuwa pia mzee wa kanisa, mwenye koti la kijivu ambalo hakuna mtoto aliyeruhusiwa kuligusa. Baada ya miezi ya kuzunguka bila kazi, aliingia machimboni kuvunja kokoto. Sasa alirudi na vumbi la mawe, na viganja vimepasuka. Watu wa kanisa wakipita barabarani, aliinamisha kichwa wasimtambue. Halafu akaacha kabisa kwenda ibadani.

Mama hakuacha kushukuru. Jioni moja tulikuwa na ugali na mboga ya osuga iliyochumwa kando ya njia. Mama akafumba macho, akaomba, "Asante, Nyasaye Mungu wetu, kwa chakula hiki."

Baba akasukuma sahani. "Unamshukuru kwa magugu?"

"Namshukuru kwa sababu umerudi nyumbani, Baba Akinyi," Mama akasema. "Kula."

Akinyi ndiye mimi, kifungua mimba. Sikuelewa kwa nini Mama alijibu kwa sauti ndogo vile. Ni baadaye nilipojua kwamba mchimbaji mmoja alikuwa amefukiwa na udongo wiki hiyo, na hakurudi kwake.

Mvua za masika zilipoanza, ukuta wa machimbo ukamwangukia Baba. Aliyemfukua ni Ouma, jirani yake wa kuvunja mawe, mtu wa pombe ya chang'aa ambaye Baba hakuwahi hata kumsalimia vizuri. Wengine walikimbia wakiogopa udongo ungeshuka tena. Ouma alibaki, akachimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu. Walimleta Baba nyumbani kwa mkokoteni, mguu umevimba, mdomo umejaa udongo. Mama alimwosha. Mimi nilimshikia karai, nikaona Baba analia. Sikuwa nimewahi kumwona akilia.

Alipoweza kutembea kwa fimbo, alienda kanisani na shati lake la machimboni chini ya lile koti la kijivu. Koti alilivua mlangoni akamvika Ouma, aliyekuja naye lakini akawa anasita kuingia. Wakati wa ushuhuda akasimama.

"Nilikuwa na hasira na Mungu kwa ajili ya kazi," akasema. "Nikafunikwa na udongo, nikamwita, akamtuma huyu ndugu yangu. Nimekuja kusema asante. Sina lingine."

Akaketi. Ouma akatazama sakafu, koti likimpwaya mabegani.

Tangu hapo Baba ndiye aliyeomba mezani, na maombi yake hayakuisha. Alishukuru kwa nyundo, kwa dereva wa lori la kokoto, kwa mguu uliobaki kuchechemea, kwa Ouma. Ugali ulipoa. Sisi tulifumbua jicho moja kuchungulia nani amekaa karibu na kichwa cha samaki, siku samaki alipopatikana.

Aliendelea kuvunja mawe, kwa sababu kazi nyingine haikupatikana. Vumbi likamharibu kifua. Nilipoajiriwa Homa Bay, nilipanga kumpa mapumziko, alale mchana kama wazee wengine. Alifariki kabla ya mshahara wangu wa kwanza. Hilo bado linaniuma.

Juzi niliwapeleka wanangu kwenye yale machimbo. Kumejaa maji na nyasi. Binti yangu alijipiga picha, kisha akauliza, "Kwani babu alikuwa na kampuni ya kokoto?"

"Alikuwa na nyundo," nikasema.

Jioni tulikula kuku na chapati. Kijana wangu akaomba, "Asante kwa chakula, amina," kidole kikiwa tayari kwenye simu. Nilitaka kumkemea, nikakumbuka kwamba tangu asubuhi mimi mwenyewe nilikuwa nikilalamikia bosi, joto na foleni ya benki. Nikawaambia wasianze kula. Nikafumba macho nikitafuta maneno marefu kama ya Baba, na nikapata machache tu.