Mlimau Ulionyimwa Kiu

Siku ya kwanza kazini nilikata maua yote. Nisidanganye, labda yalibaki mawili. Ilikuwa lodji moja hapa Karatu, yenye milimau na michungwa ya chunguni imepangwa barazani kama askari wa gwaride, na kila chungu ungeweza kumwogeshea ndama. Nikapewa mkasi, nikaambiwa, "Safisha miti." Mimi mtu wa shamba, kusafisha nakujua. Nikanyoa. Kufika mchana miti yote inafanana na wanafunzi siku ya kufungua shule.

Mkuu wa Bustani, mzee mmoja wa sauti ndogo na masikio makubwa, akaja akasimama. Akaokota ncha ya tawi chini, akanionyesha vidoti vyeupe kama punje za mchele.

"Hii nini?"

"Uchafu, mzee."

"Haya ndiyo maua yenyewe, kijana. Umenyoa nywele ukaondoka na masikio."

Hapo ndipo nilipoanza kusoma, mimi ambaye darasa la pili lilinishinda. Mlimau unatoa ua kwenye tawi changa, kwa hiyo unapogoa ukishamaliza kuchuma, kabla haujachipua upya. Toa tawi kavu. Toa yale yanayogombana katikati, upepo upite. Halafu angalia lile kovu chini kwenye shina. Miche yetu ni ya kubebesha, yaani limau zuri limeungwa juu ya shina la limau pori. Chipukizi likitoka chini ya kovu ni la pori hilo, lina miiba kama misumari. Ling'oe likiwa laini. Ukilionea haya litamaliza chakula chote, kama shemeji aliyekuja kusalimia tu.

Siri kubwa ya maua alinipa baadaye sana, aliponizoea.

"Mti wa chunguni ukishiba kila siku unaota majani tu," alisema. "Unyime maji wiki tatu. Majani yakijikunja kama mtu anayesikia baridi, mwagia mengi mpaka yatoke chini ya chungu. Utachanua wenyewe. Ila uwe na roho mbaya kidogo. Siku za mwisho utakutazama kama mtoto mwenye njaa. Wewe geuza uso."

Nikajifunza kugeuza uso. Nilikuwa hodari.

Nikahamishiwa lodji ya juu, ukingoni mwa kreta. Baridi ya kule, unatoa shikamoo alfajiri, marahaba inakufikia saa nne. Kila jioni tunaingiza vyungu chumba cha kulia chakula, asubuhi tunavitoa, maana baridi inaangusha maua. Na nyani! Mmoja nilimkuta amekalia kiti cha mgeni, mguu juu ya mguu, anamenya chungwa. Alibakiza kuomba kijiko.

Meneja wa Lodji, mama mkali kutoka Arusha, akaniita.

"Tluway, kuna harusi miezi miwili kutoka leo. Nataka michungwa yote iwe na maua."

"Mama, maua siyo chapati."

"Nimekuuliza?"

"Yatakuwepo, mama."

Yakawepo. Bwana harusi alitoa machozi, akasingizia harufu.

Kila nikirudi nyumbani likizo, mke wangu, Mama Ema, ananusa koti langu. "Unarudi unanuka maua ya watu. Na mimi niletee basi, Baba Ema."

Nikamletea mche wa mlimau wa kubebesha, nikaupanda kwenye dumu la mafuta nililolikata, nikauweka chini ya dirisha la upande anaolala. Nikamwahidi: mwakani utafungua dirisha, utasikia harufu mpaka uombe msamaha.

Mwaka ukafika, haukuchanua. Wala mwaka uliofuata. Nilipogoa, nikaweka samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, nikasema usipewe maji, nikapanda kreta. Nikirudi baada ya wiki tatu, majani yamesimama, yanang'aa kama viatu vya mchungaji.

"Nani kaumwagilia?"

"Nani tena, Baba Ema? Labda umande."

Nikaamini. Kazini nikawa nahadithia kwamba umande wa kwetu unajaza ndoo. Mnadani wananitania: "Fundi, mlimau wako ni dume nini?" Nacheka nao, lakini ilikuwa inaniuma. Maua ya harusi za watu naweza, ua moja la mke wangu linanishinda.

Halafu akaumwa. Nikaomba ruhusa, nikakaa naye hospitali wiki mbili. Siku moja akaniuliza, "Umechanua?"

"Bado."

"Usiutese sana."

Nikajua ni homa inaongea. Hakurudi nyumbani kwa miguu yake.

Msiba ukakaa wiki nzima. Siku watu wanatawanyika, jirani yetu Mama Safari alikuwa ameosha vyombo, akabeba ndoo nzima ya maji ya kusuuzia, akaimwaga kwenye dumu. Mlimau ulikuwa umejikunja wote.

"Maskini," akasema, "tangu dada aumwe hakuna aliyeukumbuka."

"Kwani yeye alikuwa anaupa maji?"

"Wee! Ukishapanda gari tu. Kila jioni kikombe kimoja. Anasema mti una kiu, unamtazama, yeye atakulaje ugali?"

Nikahesabu kwa vidole. Hospitali wiki mbili, msiba wiki moja.

Ulichanua. Wee acha. Miaka yangu yote ya kazi sijaona maua yale. Nyuki walikuja kutoka kule Mang'ola, nadhani wengine walipanda lori la vitunguu. Nilifungua dirisha la upande wake, nikakaa kitandani. Nilikaa mpaka yakapukutika.

Sasa nimestaafu. Vijana wa bustani wanakuja kujifunza, nawafundisha yote: mkasi, kovu, wiki tatu. Wakimaliza wanaangalia dumu langu. "Mzee, mbona wako majani tu?" Nawaambia ni dume.

Mwaka uliofuata baada ya yale maua nilijaribu kuunyima maji. Siku ya kumi na mbili jani la kwanza likajikunja. Nilikuwa mezani, naliona dirishani. Ugali ukanishinda. Nikainuka kutafuta kikombe cha Mama Ema.