Nilitaka Kiuno Chembamba, Nikamharibia Bibi Yangu Jina

Kosa ni langu. Nalisema mapema kabla sijaanza kujitetea, maana kujitetea nakuweza sana. Bibi yangu yuko Kinole, juu huko milimani, na watu hawali tena chakula chake. Aliyesababisha ni mimi, mjukuu wake, kwa ajili ya kiuno.

Kiuno, jamani!

Mimi ni fundi wa nguo huku mjini, mtaa wa Mafiga. Sikusomea popote. Niliangalia video kwenye simu, nikashona, nikafumua, nikashona tena, mpaka wateja wakaanza kuniita fundi. Ndivyo nilivyo. Mshono ukipinda kidogo silali. Nikadhani na mwili ni hivyo hivyo: ukizidi unapunguza pembeni, basi.

Rafiki yangu wa Kilakala alikuwa anaolewa, akanichagua niwe msimamizi wake. Gauni nilishona mwenyewe, na nililishona makusudi kwa mwili ambao sikuwa nao. Nikasema, nitalifuata.

Kukonda nako nikajifunza kwenye simu. Kila aliyesema kitu nilimwamini. Huyu kasema usile asubuhi, nikaacha. Yule kasema wanga ni sumu, nikaacha wali, ugali, ndizi, hata muhogo. Nikawa najifunga nailoni tumboni na kuruka kamba chumbani mpaka naona giza. Nikawa napanda mzani asubuhi, mchana na jioni. Ukikataa kushuka, nalia. Mwisho nikanunua majani ya chai ya kukata tumbo kwa mama mmoja anayetembeza dawa sokoni. Kumbe ni ya kuharisha! Niliharisha, mzani ukashuka, nikafurahi kama mjinga. Hata sikujiuliza kama kilichopungua ni mafuta au ni maji tu.

Na sikumwambia mtu. Hapo ndipo nilipokosea kuliko pote. Nilitaka watu waone tu nimependeza, wasijue kwamba nahangaika.

Katikati ya hayo, mtoto wa mjomba akapata Komunyo ya kwanza, nikapanda Kinole.

Bibi ndiye alikuwa mpishi wa jumuiya yao ya kanisani. Ubatizo ukiwapo, padri akija, msiba ukitokea, chungu ni chake. Hana mume, hana shamba la kutamba nalo. Heshima yake yote ilikuwa kwenye ule mwiko. Siku ya sherehe alinipakulia wa kwanza mbele ya wanawake wote, wali wa nazi na nyama ya mbuzi, sahani imejaa hadi ukingoni.

"Mjukuu wangu wa mjini aonje kwanza," akasema. "Akikunja uso, nyote mnalala na njaa!"

Wakacheka. Mimi nikafungua mkoba, nikatoa bakuli langu la plastiki lenye mfuniko. Ndani mna matango na mayai ya kuchemsha.

Kicheko kikakatika.

"Hee!" Huyo ni Mama Theresia, jirani yake bibi. "Mtoto kaja na chakula chake kwenye sherehe ya kwao? Wewe binti, huko jikoni umeona nini?"

Ningesema tu, najipunguza, mama. Wangenicheka, wangeniuliza napunguza nini na mifupa hii, yangeisha pale pale. Lakini niliona aibu. Nikasema, "Samahani mama, siku hizi tumbo langu halipatani na chakula cha huku."

Chakula cha huku! Mnaoishi vijijini mmeshaelewa nilichokifanya. Mtu akisusa chakula cha kikongwe, tena mjukuu wake wa damu, hakuna anayefikiria habari za kiuno. Wanafikiria kitu kingine, na hawakitaji kwa jina.

Bibi aliichukua ile sahani. Akakaa mkekani, akaila yeye, yote, huku wakimtazama. Mimi nilidhani ana njaa.

Jioni roho ikanisuta. Nikamfuata jikoni. "Bibi, nipe basi kilichobaki."

Alivyofurahi! Akachochea moto, akanipashia, akakaa karibu yangu akinihesabia matonge kama mtoto mdogo. Nikala mpaka nikashindwa kuinama. Kisha hofu ikanishika: gauni! Nikamwomba maji ya moto, nikasema ya kukanda miguu. Nikatia yale majani, nikazidisha kipimo, nikanywa nyuma ya nyumba peke yangu.

Asubuhi yake, wanawake wakiwa wanaosha masufuria, nilianguka uani. Nilikuwa nimeharisha na kutapika mpaka miguu haina nguvu. Mjomba akanipakia kwenye bodaboda hadi zahanati, na Mama Theresia akaja nyuma na bodaboda nyingine, maana ana moyo wa kusaidia, siwezi kumnyima hilo.

"Jana umekula nini?" nesi akauliza.

"Nilikula kwa bibi."

"Kuna dawa yoyote umetumia? Ya dukani, ya miti shamba?"

Mama Theresia alikuwa amesimama mlangoni. Nikamtazama. Nikatikisa kichwa, hapana.

Mungu wangu! Nesi aliniuliza kabisa. Alinifungulia mlango, nami nikaufunga, kwa sababu mimi ndiye yule msichana asiyekosea, anayejua mambo yake. Wakanitundikia dripu. Kabla haijaisha, habari ilikuwa imeshapanda mlima.

Nikarudi mjini. Gauni likanikaa! Nilisifiwa, nikapigwa picha. Picha zile nimezifuta zote.

Baadaye mjomba akanipigia simu.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Hivi wewe, siku ile uliugua nini?"

"Tumbo tu, mjomba."

"Tumbo tu," akarudia. "Mama hapiki tena jumuiyani. Wamemwambia apumzike, eti amezeeka. Alipeleka ndizi msibani, sufuria imerudi kama ilivyokwenda, hata mfuniko haujafunuliwa. Watoto waliokuwa wanashinda kwake wamekatazwa. Sasa nakuuliza wewe, mtoto wa dada yangu. Uliugua nini?"

Nikamwambia yote. Nilingoja anitukane. Akasema tu, "Njoo useme mwenyewe. Nikisema mimi, wataona namtetea mama yangu."

Nikaenda. Jumuiya ilipomaliza rozari nikasimama, pakiti ya yale majani mkononi. Nikasema nilivyokuwa najinyima, nilivyodanganya kwenye sherehe, nilivyodanganya zahanati. Nikasema chakula cha bibi hakikuwa na kosa, na kwamba nilipokila kilikuwa kitamu kuliko vyote nilivyokula mwezi ule. Bibi alikuwa ameketi pembeni, kanga imemfunika hadi kwenye nyusi. Hakuinua kichwa.

"Pole, mwanangu," akasema Mama Theresia. "Umesema vizuri. Lakini bibi ni wako. Ungesemaje?"

Mwingine nyuma akaguna. "Lisemwalo lipo."

Wakakunja mikeka, wakaondoka. Nilikuwa nimejifunza maneno yangu njia nzima, nimeyapanga bila kosa, na hayakumrudishia bibi hata mlaji mmoja. Uongo wangu waliuamini bila kuniuliza swali. Ukweli wakauona umefundishwa.

Tulipofika nyumbani nilikuta mafiga yamepoa, majivu hayajaguswa. Nikamwambia, "Bibi, nina njaa. Nisongee ugali. Nitakula wote."

Akaingia ndani. Akatoka na chungwa na kisu. Akaliosha chungwa mbele yangu, akanimiminia maji mikononi, akaosha na kile kisu huku nikiona.

"Menya mwenyewe, mjukuu wangu."

"Bibi, mimi nataka ugali wako."

"Kula hilo. Lina ganda lake. Ndani hakuna aliyeligusa."

Hakusema kwa hasira. Angekasirika ningepumua. Alisema kwa upole, kama mtu aliyeshazoea kupokea wageni hivyo. Nililimenya nikilia, nikalila, na yeye akageuka akatazama upande mwingine ili nisione aibu.

Nimeacha yale majani, nimeuza na mzani. Siku hizi nakula kama watu, na nikitaka kujua kitu kuhusu mwili wangu nakwenda kumuuliza daktari ana kwa ana. Lakini kila nikipanda Kinole napokelewa kwa tunda lenye ganda, au yai ambalo halijavunjwa, na bibi anakaa mbali na mikono yangu.

Dada yangu, kaka yangu unayejinyima kimya kimya, sikiliza. Chai za kuharisha zitakuua. Nailoni na njaa zitakuangusha. Hayo utaambiwa na wengi. Mimi nakuambia usisuse sahani ya mtu bila kumwambia sababu. Sema, "Najipunguza." Wakucheke! Na nesi akikuuliza umetumia nini, mjibu ukweli hata kama kijiji kizima kimejazana mlangoni. Usifanye nilivyofanya mimi, ambaye bibi aliyenilea kwa mkono wake sasa anaogopa kunilisha.