Picha ya Mama Aliyepotea

Siku ya tisa nikitembea kwa miguu, peke yangu, nilisoma kwenye ukuta wa kituo cha polisi kwamba nimepotea.

Jina langu. Umri, sitini na nane. Hata gauni la bluu nililovaa limetajwa.

Sikushtuka. Tangu nimzike mume wangu, moyo ulikuwa umekufa ganzi kama mguu uliokaliwa. Ndiyo maana nilitoka: kilomita mia mbili hadi nilikozaliwa, mwendo wa kobe, ndala jozi mbili na kisufuria. Usiku nalala kwa akina mama wa njiani, asubuhi nawachambulia maharage, naaga.

Mwanangu nilimwambia. Akacheka. "Mama, magoti hayo uyapeleke wapi? Tulia, utaletewa kila kitu."

Nilijua wakinirudisha, sitoki tena mpaka nibebwe.

Askari wa kike akatoka na kikombe cha chai.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Umemwona huyo njiani? Wazee siku hizi wanatutoa jasho, jamani!"

Hapo ndipo nikaitazama picha ya tangazo vizuri.

Sikuwa mimi.

Alikuwa mpishi aliyetupikia msibani. Siku ile wanawake wote tulivaa sare, yeye akasimama ubavuni kwangu tukapigwa picha. Wanangu wanne walitaka kukata sura yangu kwenye picha ile, wakakata ya aliyekuwa pembeni yangu.

Nilisubiri niumie. Wapi.

"Njiani sijamwona," nikasema.

"Haya, bibi. Unaenda mbali?"

"Hapo mbele."

Siku ya kumi na tisa nikafika. Nyumba yetu haipo, pamejengwa gereji. Nikaketi juu ya tairi, nikamwomba fundi simu, nikampigia mwanangu.

"Mama! Uko wapi? Polisi wametuletea yule mpishi mara mbili! Amenuna, anasema hatupikii tena."

"Na picha?"

"Mama... yako ya peke yako hatukuwa nayo. Hata moja. Nije na gari nikuchukue?"

"Usije. Nitarudi nilivyokuja."

"Mama, ni mbali!"

"Nimeshauona umbali wake."

Nikamrudishia fundi simu yake. Machozi hayakuja, na sikuyaita.

Dada zangu mnaosoma hapa, hili tu ndilo nililookota. Mwanamke ambaye kwao hawamtazami, hakuna wa kumtambua akamzuia. Inauma, najua. Lakini barabara ni yenu nzima. Tokeni mapema, jua halijawa kali.