Picha Iliyotafutwa Bila Kipanya

Nikisikia harufu ya printa iliyopata moto, nashindwa kukaa. Najiona tena Newala, kwenye chumba ambacho dada yangu alikuwa akichapa na kusafisha picha.

Siku moja jirani yetu alifiwa na mkewe. Gari la kupeleka maiti kijijini Makote lilikuwa linapiga honi nje, na mume huyo akaja mbio kuomba picha ya marehemu.

"Shikamoo, baba. Pole sana. Picha yake ninayo humu, ila kipanya cha kompyuta kimekufa," dada alisema.

"Marahaba. Jaribu, mwanangu. Wanangu wale wadogo watamsahau mama yao sura."

Umeme ulikuwa ukicheza. Dada akabonyeza vitufe vya kibodi tu, akishuka kwa vile vya mishale, akifungua folda kwa Enter, akikosea, akirudi. Mimi nilikuwa natafuna kola ya sare yangu. Honi ikalia tena. Mwishowe akashika Ctrl, akagonga P, printa ikaanza kuchapa.

Kilianza kutoka kilemba, kisha paji la uso, kisha macho. Yule baba hakungoja wino ukauke. Aliibeba karatasi kwa viganja viwili, akakimbilia garini.

Dada alibaki akibonyeza mshale wa kushuka, ingawa hapakuwa na cha kutafuta tena.