Banio la Nguo Lililotufikisha Barazani

Kwenye flati za Tassia, hapa Nairobi, nguo hazianikwi tu, hulindwa. Ukipanda paa letu Jumamosi utakuta akina mama wamekalia ndoo walizozipindua, wakingoja masweta yakauke, maana ukigeuza kisogo kidogo tu mtu keshaondoka na suruali ya mumeo. Mimi kukaa juani nikilinda soksi sikuweza kamwe. Nina karakana ya kuchomelea vyuma hapo chini, kazi inaningoja, na subira sikujaliwa. Sweta la shule la binti yangu lilipoibwa, jipya kabisa, nilishuka ngazi nikitukana ukoo mzima wa mwizi.

Hasira hiyo ndiyo iliyozaa banio. Nilitoa kamba pale paani nikafunga waya mnene. Kisha nikachukua vyuma viwili vyembamba, virefu kunishinda, nikaviunga kwa bawaba upande mmoja na kutoboa tundu la kufuli upande wa pili. Unaanika nguo, unazibana zote pamoja na waya kwa vyuma hivyo, unatia kufuli, unaenda zako. Anayelitaka sweta sharti alirarue. Jumamosi ya kwanza nilifunga nikashuka kupika chapati, na niliporudi kila kitu kilikuwa mahali pake. Nilijiona bingwa, na sioni haya kusema hivyo.

Lakini mtaani kwetu chombo cha jirani hakiombwi, huchukuliwa kwanza, maelezo baadaye. Mama wa ghorofa ya kwanza, mwenye mdomo mrefu na roho nzuri kwa kipimo kimoja, alizoea kulichukua banio langu kila nikishaanua. Nilimpandia juu kwa matusi.

"Si ulikuwa umemaliza?" akanijibu. "Hiyo kitu ilikuwa imekaa tu hapo bure. Ama ulitaka ipumzike?"

Wengine walikuja karakanani kuagiza lao, na wengine wakaenda kwa mafundi wao, hadi kwa fundi mmoja wa mtaa wa Njiru, wakatengenezewa. Kuna aliyeweka mpira ndani ili kutu isichafue mashati meupe, nami nikaiga haraka. Moja nililitundika kando ya barabara, kila mpita njia alione. Chema chajiuza, bwana.

Likamvuta pia mfanyabiashara mmoja wa vyombo vya nyumbani kutoka mjini. Alinunua mawili, akanisifu weee, akauliza bawaba inakaa vipi. Nami kwa kupenda sifa nilimweleza yote, hadi ukubwa wa msumari.

Muda mrefu ukapita, kisha nikaletewa barua ya wakili wake. Yule bwana alikuwa amepewa hataza ya banio, yaani sheria ilimtambua yeye kuwa mbunifu, na hakuna mwingine aliyeruhusiwa kulitengeneza wala kuliuza. Mimi niache mara moja! Nilisimama pale na miwani ya kuchomelea kichwani, nikaisoma tena.

Nilimwendea dada mmoja wa kanisani kwetu ambaye ni wakili. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Mama, hataza ni ya kitu kipya. Tukionyesha watu walikuwa wakilitumia hadharani kabla hajaomba, hataza yake itafutwa."

"Halafu nipewe mimi?"

"Hapana, Mama. Ungetaka ulinzi wa sheria, ungeomba mapema. Sasa limeshakuwa la kila mtu."

Iliniuma jamani. Ili nimshinde mtu aliyeniibia, ilibidi nithibitishe kwa kinywa changu kwamba kitu hicho si mali yangu. Wahenga walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Yangu ilikuwa wapi? Lakini kufunga karakana kwa ajili ya yule bwana sikukubali. Nikamwambia dada wakili tuendelee, naye akapeleka kesi kwenye baraza linaloamua migogoro ya hataza.

Siku ya kusikilizwa, paa letu lilibaki bila mlinzi. Akina mama walijaa kwenye viti vya baraza wakiwa wamevaa vitenge vya kanisani. Wakili wa yule bwana, kijana mwenye Kiswahili laini, alidai kwamba banio langu lilikuwa siri ya nyumbani mwangu, limefungwa kwa kufuli, hakuna mtu wa nje aliyejua linavyofanya kazi.

Hapo ndipo mama wa ghorofa ya kwanza alipoitwa.

"Siri gani?" akasema. "Mimi nilikuwa naichukua kila Jumamosi bila kumuuliza. Alinitusi, na bado nikachukua. Nikaenda kwa fundi wangu akanitengenezea yangu. Uliza flati mzima, hakuna mtu hajaishika hiyo kitu."

Watu wakacheka. Mwenyekiti wa baraza hakucheka, alikuwa akiandika. Mama akatoa simu, akaonyesha picha ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe, iliyopigwa paani. Watoto, keki, na nyuma yao sare za shule zimebanwa na vyuma vyangu, kufuli inaning'inia. Picha ilikuwa ya zamani kuliko ombi la yule bwana. Wakili wake aliitazama, akamrudishia simu, akakaa chini. Yule niliyemwita mwizi wa banio langu ndiye aliyeniokoa, na nilitamani kumkumbatia mbele ya baraza zima.

Uamuzi ulisomwa wiki kadhaa baadaye, na wote wakarudi kuusikia. Hataza ikafutwa. Yeyote anaweza kulitengeneza banio, mwenyekiti akasema, mimi, fundi wa Njiru, na hata yule bwana akipenda. Nilipumua. Karakana yangu ilikuwa salama, na nikadhani yamekwisha, nikaanza kutafuta mkoba wangu.

Kumbe mwenyekiti hakuwa amemaliza. Alisema ni lazima baraza lieleze pia kwa nini yule bwana aliyeomba hataza hakustahili kuitwa mbunifu, na liandike ni nani aliyelibuni. Kisha akasoma jina langu, polepole, majina yangu yote matatu. Akaongeza: fundi wa vyuma, Tassia.

Nilisimama. Hakuna aliyeniambia nisimame. Nyuma yangu nikasikia viti vikikwaruza sakafu, na nilipogeuka, akina mama wa paa letu wote walikuwa wamesimama pia.